Mjomba Hapakui Kiporo

Kwa maneno ya jirani wa chini, yule waliyembandika jina la Redio kwa sababu hazimwi, mpiga tarumbeta wa ghorofa ya juu amepona. Amepona kabisa! Redio amesikia kwa masikio yake mawili, si ya kuazima. Alikuwa anaanika nguo uani, tarumbeta ikaanza kulia kule juu, naye akajiandaa kwa fujo za siku zote: mara ipande, mara ishuke, mara inyamaze kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Lakini wapi! Ukatoka wimbo mmoja mtamu, ulionyooka, wenye kichwa na miguu. Kesho yake ukatoka uleule. Keshokutwa uleule. Hata mjukuu wake, ambaye bado hajajua kusema "maji", anauimba akiwa kwenye beseni.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namwombea," Redio alisema huku akikamua shuka. "Nilijua tu, lile lilikuwa pepo la kupayuka. Sasa limemtoka. Mpe mjomba wako hongera zangu. Leo hata mimi naweza kumwita mwanamuziki."

Wanawake wa uani wakacheka. Mpwa wa mpiga tarumbeta naye akacheka, kwa kuwa kicheko kilikuwa kinapita na hakutaka kionekane kimemruka. Akabeba ndoo yake, akapanda ngazi. Alipofika juu kicheko kilikuwa kimekwisha.

Maana Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesema kweli tupu.

Mjomba ndiye aliyemlea mpwa wake huyu tangu mama yake alipofariki, akiwa hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Sasa alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule sebuleni, na mjomba akifanya mazoezi palepale nyuma ya kiti chake. Watu wengine wangegombana. Wao walikuwa wanazungumza. Akikanyaga pedali kwa haraka, tarumbeta nayo inakimbia. Uzi ukikatika na cherehani ikanyamaza ghafla, tarumbeta inatumbukia kwenye ule ukimya, inapapasa humo kama mtu anayetafuta funguo gizani, kisha inaibuka na kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho, hata mwenyewe.

"Umesikia, mama?" mjomba alikuwa akisema, akimwita mama kwa kuwa alirithi sura ya bibi yake, mama mzazi wa mjomba. "Uzi wako ndio uliotunga. Mimi nimepokea tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa kazi hiyo alijulikana hadi nchi za mbali. Alitunga nyimbo ndefu za jazi, akakiandikia kila chombo sehemu yake, lakini ya tarumbeta akaiacha wazi mahali fulani, karatasi nyeupe pe, ili apige kitakachomjia hapohapo. Na hakurudia. Aliwahi kumfukuza mpiga saksafoni hodari, mwenye wake na watoto, kwa sababu Ijumaa alipiga vipande alivyovipiga Alhamisi.

"Hicho ni kiporo," alimwambia mbele za watu. "Jana kilikuwa chakula. Kwangu hatupakui kiporo."

Neno hilo likawa utani wa bendi. Lakini mwenyewe hakuwa anatania. Aliwaapisha watu wawili, mpwa wake na mpiga kinanda, sahibu yake tangu wote wawili walipokuwa na nywele. "Siku mkiona napakua kiporo, ninyang'anyeni tarumbeta. Msinionee huruma. Huruma ni ya hospitali." Wakaapa wakicheka, midomo imejaa chakula.

Siku ile ya maneno ya Redio, mpwa aliweka ndoo chini, akaketi kwenye cherehani. Tarumbeta ikaanza nyuma yake. Akakanyaga polepole, ikapita. Akakanyaga mbio, ikapita vilevile. Akaondoa mguu kabisa kwenye pedali, akakunja mikono, akangoja. Zamani tarumbeta ingesimama, ingemcheka, ingemuuliza kulikoni. Leo haikugeuka hata kumtazama. Ilikwenda na njia yake kama kiziwi anayevuka barabara. Akajikuta anaijua sauti inayofuata kabla haijaja. Alijua hata mahali itakapokwaruza, kwa sababu jana ilikwaruza palepale.

Hata kosa lilikuwa kiporo.

"Umesikia hiyo, mama?" Uso wa mjomba uling'aa jasho na furaha. "Sijui imetokea wapi! Imenijia yenyewe leo hii."

"Nimesikia, mjomba."

Akatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Mpiga kinanda alipokuja kumchukua mwenzake kwenda mazoezini, mpwa alimkuta ngazini kabla hajabisha hodi. Alimwimbia tu vipande viwili vya mwanzo vya wimbo ule, kwa sauti ya chini. Mzee akashika ukuta.

"Umeanza kujua lini?" akauliza.

"Juzijuzi. Na wewe, baba?"

"Kabla yako." Akatazama mlango. "Tumekuwa tukimfunika. Bendi nzima. Wanaona aibu kutazamana."

"Alituapisha."

"Alituapisha akiwa yeye. Huyu wa sasa hajamwapisha mtu." Akashusha sauti zaidi. "Sikiliza, binti yangu. Jumamosi tunapiga utunzi wake mpya, kazi aliyoiandika akili ikiwa bado nzima. Hajawahi kuandika kitu kama kile. Wacha aupige. Mgeni haulizi chakula kimepikwa lini, mradi kiwe cha moto."

"Na mwenye nyumba akijua?"

"Hatajua. Ndiyo rehema pekee iliyomo kwenye ugonjwa huu wa kusahau. Na ukimnyang'anya tarumbeta, utabaki na nani mle ndani? Juzi ameniuliza kama dada yake amekula."

Dada yake mjomba ndiye mama yake mpwa, na kaburi lake lilikwisha kuota nyasi, zikafyekwa, zikaota tena.

"Mnanong'ona nini huko nje?" mjomba akaita kutoka ndani. "Kama mnaniozesha, nataka mwenye meno!"

"Wenye meno wamekukataa!" mpiga kinanda akajibu papo hapo, na wote watatu wakacheka, wawili kati yao wakitazama chini.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Mpwa alikaa safu ya kati, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Utunzi ule ulikuwa na nafasi mbili zilizoachwa wazi kwa tarumbeta, moja mwanzoni na moja mwishoni.

Ya kwanza ilipofika, mjomba akafumba macho, akapiga wimbo wa mtoto wa kwenye beseni. Watu wakashusha pumzi. Kilikuwa kiporo, lakini cha mkono wa bingwa, na ambaye hajakionja hakuwa na sababu ya kukidhania. Mwanamke mmoja alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Ya pili ikafika. Mpwa akabana mkoba wake kifuani. Mjomba akainua tarumbeta, akanyamaza kidogo kama anayetafuta, na moyo wa mpwa ukaruka. Kisha ukatoka uleule. Sauti kwa sauti, pumzi kwa pumzi, na ule mkwaruzo mahali pake.

Hapo mpiga kinanda akafanya alichokifanya. Akaondoa sauti zilizoandikwa chini ya tarumbeta, akaweka nyingine, nzito, za msiba. Mpiga besi akamfuata. Mpiga ngoma akapunguza mwendo mpaka wimbo wa furaha ukawa unatembea kama watu wanaotoka makaburini. Mjomba peke yake hakubadilika. Alisimama katikati, akipiga cha asubuhi wakati wenzake wote walikuwa wameshaingia jioni.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwanamume wa safu ya mbele akamgonga mwenzake bega. "Umeona? Amerudisha ya mwanzo makusudi, afunge duara! Huyo ndiye fundi."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mpwa alimkuta mjomba ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki. Wenzake walikuwa wanakohoa na kufunga vyombo huko ukumbini, hakuna aliyeharakisha kuja.

"Funga mlango, mama."

Akafunga.

"Huyu sahibu yangu," mjomba alisema, akipangusa tarumbeta kwa kitambaa, "pale mwisho alikuwa ananiwekea mito. Kila ninapotaka kuangukia, naukuta mto. Tumepiga pamoja tangu ujana, hajawahi kuniwekea mto. Ananiacha niumie, nami namwacha aumie, ndiyo mapenzi yetu." Akatazama juu, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, makali, yasiyosahau kitu. "Mto anawekewa nani? Anawekewa mtoto anayejifunza kukaa."

"Umechoka, mjomba. Twende nyumbani."

"Nilipiga nini?"

Mpwa akafungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Sikumbuki. Hilo si ajabu, mimi kila siku napiga na kutupa. Lakini wewe huachi kitu kikakupita, mama, tangu ulipokuwa mdogo. Niimbie ya mwanzo. Halafu niimbie ya mwisho."

Mpwa alikuwa na wimbo mmoja tu kichwani. Ili amwokoe, ilimpasa atunge mwingine hapohapo, mbele ya mtu ambaye angesikia uongo katika pumzi ya kwanza. Na akiimba uleule mara mbili, hapatakuwa na haja ya kumnyang'anya chochote, mjomba ataikabidhi tarumbeta mwenyewe.

Mjomba akailaza tarumbeta mapajani, mikono yote miwili juu yake, kama mtu aliyempakata mwana wakati waliokuja kumchukua wako mlangoni. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu taratibu, kumpa mwendo.

"Haya, mama," alisema. "Ya mwanzo kwanza."