Usifurahi, Dada

Niliota jana usiku kwamba nimekaa nyuma ya darasa la mdogo wangu, Subilaga, pale Tukuyu. Darasa la saba lilikuwa linafanya marudio ya mwisho ya sayansi, maana mtihani wao ni leo asubuhi.

Mwalimu Mwaipopo alimuuliza Subilaga tabia ya kimiminika. Alisimama, akajibu kwamba hakina umbo lake chenyewe, huchukua umbo la chombo kilimowekwa. Kisha akamwagika.

Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alisema jibu ni sahihi, akafuta ubao, akaniomba nimzoe kabla wenzake hawajamkanyaga.

Nachukua ndoo na kitambaa. Ninamkamulia humo mpaka sakafu inakauka. Ndoo inanionya nitembee taratibu, kwa sababu akimwagika tena atafuata mteremko hadi mtoni, na mtoni hawatenganishi watu.

Nilitaka kumpeleka kwa mama. Nilipofungua mlango wa darasa nikajikuta kwenye chumba chetu cha kulala, na dirishani amesimama Mwanga wa jua, mrefu, mkimya. Nikamsihi asiingie, atamkausha mdogo wangu.

"Sijui kusimama," alisema kwa upole. "Mimi huenda moja kwa moja tu. Nizuie wewe."

Nikasukuma kabati mpaka dirishani, kwa kuwa Mwanga hapiti kwenye mbao. Nikashusha pumzi. Lakini juu ya kabati palibaki upenyo, na kioo kilikuwa ukutani. Mwanga akapita, akakigonga kioo, nacho kikamrudisha moja kwa moja ndani ya ndoo. Nilipokilaumu, kioo kilijibu kwamba hutoa kwa pembe ileile kinayopokelea, na hakijawahi kumpendelea mtu.

Subilaga anapungua. Nafunga mlango, nageuza kioo kitazame ukuta. Nachungulia ndoo. Ni kavu.

"Uko wapi?"

"Kila mahali, dada," sauti ilitoka kwenye pembe zote za chumba. "Gesi hujaza chombo chote. Usifungue mlango."

Sauti ilikuwa nyembamba mno. Alinieleza kwamba anazidi kutawanyika na ameanza kusahau jina la mama. Alihitaji kitu cha baridi cha kushika. Nilitafuta chumba kizima, na kitu pekee cha baridi kilikuwa mikono yangu, iliyopoa kwa hofu.

Nikaiinua. Viganja vikalowa. Nikayadondoshea matone kitandani, na kila lililogusa shuka likaganda. Kikatokea kisigino.

"Usifurahi, dada," alisema. "Ukifurahi mikono itapata joto."

Sikufurahi. Niliwaza kitanda chake kikiwa kitupu. Niliwaza mama anapakua chakula cha watu wawili bila kuuliza lolote. Mikono ikazidi kupoa. Likatokea goti, kisha bega, kisha uso wenye macho yaliyofumbwa. Nilikuwa natetemeka, na nilijitahidi nisiache kutetemeka.

Mwishoni likatokea sikio lake la kushoto, lile ambalo tundu lake la hereni limekwenda kombo. Nikatabasamu.

Mikono ikapata joto papo hapo. Kile kidogo kilichosalia hewani kikaelea hadi mlangoni, kikapenya kwenye tundu la kitasa. Nikapiga kelele, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Subilaga alikuwa ameshavaa sare, anafunga kamba za viatu. Nikamuuliza amelalaje, akasema vizuri. Mama akamwita kutoka jikoni, akamwambia chai inapoa na atachelewa mtihani.

Alipofika mlangoni aliinama. Kwenye tundu la kitasa kulikuwa na tone moja la maji, linaning'inia. Alilichukua kwa ncha ya kidole, akaliweka ulimini, akalimeza.

Halafu akaenda kunywa chai.