Kitabu cha Tiodora Hakiji Bure

Kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Laguboti, kitabu cha Tiodora kiliogopwa kuliko barua ya polisi. Tiodora alikuwa mwalimu, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la vitabu la kina mama wa kanisa. Kabati zima ni riwaya za nyakati za Biblia, za wafalme wa Israeli na masuria wao, za jangwani, za Babeli. Akishakupendekezea moja, ujue ana neno nawe. Kiongozi wa kwaya alipewa ya Samsoni, yule aliyeponzwa na mwanamke, na kabla mwezi haujaisha tukajua habari zake na yule msusi wa Balige. Mama Bonar, jirani yetu, alipewa ya shamba la mizabibu la Nabothi, lile mfalme alilomnyang'anya. Kesho yake alfajiri tulimkuta anang'oa ua wake mwenyewe na kuurudisha ulipokuwa, na hakuna aliyemwambia kitu.

Basi Rugun alipomwona wifi yake huyo anapanda ngazi Jumamosi, kitu kimefungwa kwa gazeti chini ya kwapa, alijua zamu yake imefika.

"Wifi, nimekuletea riwaya," Tiodora akasema, hata kahawa hajapewa. "Nzuri kweli. Mimi nimeirudia mara mbili."

"Inahusu nini?"

"Isome."

"Si uniambie kwa ufupi tu? Mwenzio nina kazi."

"Nikikuambia utaisoma ya nini tena? Isome yote, wifi. Usije ukaishia katikati kama watu wavivu."

Akainywa kahawa yake upesi, akamsalimu mama yake, mkwe wa Rugun, aliyekuwa anafuma kitambaa barazani, wakanong'ona maneno mawili matatu, akaondoka. Huko kunong'ona Rugun alikuona.

Kitabu kiliitwa Njia Panda ya Moabu. Jaladani wamechorwa ajuza mmoja na wanawake wawili vijana, wamesimama mahali barabara inapogawanyika. Rugun hakuhitaji kufundishwa. Naomi na wake za wanawe, Ruthu na Orpa. Ruthu, yule mjane aliyemganda mama mkwe wake mpaka akaishia kuolewa na jamaa wa marehemu. Kila mwaka mchungaji anamhubiri.

Na Rugun mwenyewe alikuwa mjane. Mumewe, Pardomuan, alikufa kwa ugonjwa wa ini miezi kumi nyuma, akamwachia binti wa miaka saba, Lasma, na huyo mama yake mzee tuliyemwita Bibi Lasma. Mtoto wa kiume hakuna. Mdogo wa marehemu, Marolop, alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaoa, anaziba pancha pale barabara kuu. Ukoo ulikuwa umepanga kukaa baada ya mavuno kumwuliza Rugun kama atakubali kuchukuliwa na Marolop. Akikubali, atabaki nyumbani. Akikataa, arudi kwa kaka zake Porsea. Na kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo angeondoka yeye na nguo zake, Lasma akabaki.

Marolop hakuwa mtu mbaya. Lakini Rugun alimkuta kijana wa shule, akamfulia mpaka soksi, na akiwaza kulala naye kitanda kimoja vinyweleo vinamsimama. Hakumtaka. Na bila Lasma asingeweza kuishi, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Hapo katikati ndipo alipokuwa amebanwa miezi yote hiyo, na hapo ndipo Tiodora alipomletea riwaya.

Alianza kuisoma kwa hasira, kama mtu anayetafuta mbu ndani ya chandarua. Mwandishi alijua kuandika, hilo tusimnyime. Njaa ya Bethlehemu ilikuwa njaa kweli, na wale wanaume wa Naomi walipokufa mmoja mmoja Rugun alilia jikoni huku anachochea chakula cha nguruwe. Lakini kila alipolia aliyafuta machozi haraka akajiambia, angalia, hapa ndipo wanapokulainisha.

Kilichomzidishia wasiwasi ni mama mkwe. Bibi Lasma haoni vizuri na hasomi tena, tangu lini akajali riwaya? Sasa kila jioni, wanamenya mihogo, swali ni lilelile.

"Umefika wapi, mama?"

"Njaa."

Kesho yake tena. "Umefika wapi?"

"Mahloni wa Naomi amekufa."

"Njia panda bado?"

"Mama, wewe njia panda umeijuaje?"

Mzee akainamia muhogo wake. "Si jina la kitabu hilo? Tiodora alinisomea kidogo."

Kidogo! Moyoni Rugun akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Akaanza kumchunguza yule mzee aliyeishi naye miaka tisa bila ugomvi wa maana. Akamkuta anapima unyayo wa Lasma kwa ujiti wa kuni, ati anunuliwe viatu vya kufunga vya kutembelea. Akamkuta anakunja nguo za mtoto upya na kuzipanga kwenye mfuko peke yake, mbali na za mama yake. Jumanne akaulizwa, "Hivi kaka yako mkubwa bado ana chumba kitupu kule Porsea?" Mwenzangu, ungewaza nini? Rugun aliwaza kwamba wameshagawana: mtoto fungu lake, yeye fungu lake. Ukikubali Marolop sawa, ukikataa njia hiyo hapo, chumba kipo kwa kaka yako, na mtoto tumeshamtengea nguo zake.

Jumatano akafika pale njia panda. Naomi anawaambia wakwe zake warudi kwao. Orpa analia, anambusu, anageuka na kwenda zake. Ruthu anasema yale maneno yake tunayoyajua wote, uendako nitakwenda. Rugun akafunua mbele kwa pupa, akaruka kurasa, akakuta shayiri, akakuta Boazi, akakuta Naomi anamwambia Ruthu aoge, ajipake mafuta, ashuke uwanjani Boazi alikolala. Akakifunga kitabu kwa kishindo.

Asubuhi alikwenda nacho moja kwa moja kwa Marolop. Marolop alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Shemeji, toka huko."

Akatoka, uso mweusi kwa grisi. "Kuna nini? Mama?"

"Mama yako mzima kabisa. Mpelekee dada yako kitabu chake. Mwambie mimi si Ruthu na wewe si Boazi."

"Boazi gani tena?"

"Usijifanye hujui."

"Shemeji, mimi tangu jana nahangaika na gia za mtu hapa. Boazi ndiye nani?"

"Soma utajua," Rugun akasema, akakiweka juu ya mashine ya upepo, akarudi kwake kifua kimempanda. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona amempiga mtu kofi.

Sisi tuliopita pale siku ile na kesho yake tulimwona Marolop anasoma. Mtu ambaye tangu atoke shule hajasoma kitu zaidi ya namba za matairi. Anasoma kwa kidole, midomo inacheza, wateja wanamwita hasikii. Tulicheka. Laiti tungejua anachosoma tusingecheka.

Ijumaa saa kumi alipanda ngazi za nyumbani kwa mama yake, kitabu mkononi, na nyuma yake Baba Togar, mdogo wa marehemu baba yao, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Rugun alipomwona mzee yule amevaa koti, alimvuta Lasma akamweka nyuma ya sketi yake.

"Shemeji," Marolop akasema, hamwangalii usoni, "hukukimaliza."

"Nilisoma ya kunitosha."

"Uliruka. Orpa umemwacha njiani. Nusu ya kitabu ni yake."

Akafunua, akasoma mwenyewe kwa sauti, anajikwaa kama mtoto wa darasa la pili. Ilikuwa hivi: mwandishi yule alimtungia Orpa binti, na habari yake akaiweka kwenye kurasa zilezile Rugun alizoziruka. Pale njia panda, wanaume wa ukoo wa Naomi wakiwa mbali, Naomi anamfunga mjukuu wake mgongoni kwa Orpa na kumwambia, nenda naye, wakiniuliza nitasema sikujua. Orpa anafika kwao, analima, anazeeka, na binti yake anakuwa mtu. Hakuna anayemlaumu. Riwaya inaishia kwake, wala si kwa Ruthu.

Marolop akafunga kitabu. "Mama, huyu Naomi ni wewe?"

Bibi Lasma alikuwa amekaa mbele ya kitambaa chake, nyuzi zimemlalia magotini.

"Kwenye Biblia Orpa hana mtoto," Baba Togar akasema kwa ukali.

"Najua, shemeji," Bibi Lasma akasema. "Ndiyo maana ikaitwa riwaya."

"Usinitanie. Na nguo za mtoto zilizo mfukoni? Marolop kaziona. Kesho ukoo wote tunakwenda harusini Balige, na nasikia Tiodora haji, ati gari lake lina kazi. Nakuuliza mbele ya mwanao. Ulimwambia huyu aondoke na mtoto wetu?"

Hapo ndipo Rugun alipoanza kuunganisha. Viatu vya kufunga. Chumba cha Porsea. Nguo zilizotengwa ili zibebeke, na gari la Tiodora kesho watu wote wakiwa harusini. Wiki nzima alikuwa anapewa mlango wazi, yeye akauona mtego, na ufunguo akaenda kuukabidhi kwa mikono yake miwili kwenye gereji.

"Baba, hakuniambia kitu," akasema. "Naapa. Sikujua lolote."

"Na hasemi uongo," Bibi Lasma akasema. "Sikumwambia neno. Nilimtuma Tiodora ampe kitabu, basi. Nilijua mtaniapisha. Nilitaka mkiniuliza, 'Ulimwambia aende?' niseme sikumwambia, na iwe kweli, kwa sababu mimi na uzee huu siwezi kumdanganya Mungu kwa ajili yenu."

"Basi umepona," Baba Togar akasema, na uso ukamlegea kidogo, maana hakuwa mtu katili, alikuwa mtu wa utaratibu tu. "Hukumwambia. Yaishe. Mtoto anabaki, mavuno yakiisha tutakaa na kaka zake tuzungumze kwa adabu. Kitabu kirudi kabatini."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, kafunguliwa Bibi Lasma mchana kweupe. Angekaa kimya tu. Rugun alimtazama aone kama atakaa kimya, maana bado, Mungu amsamehe, kuna pembe ya moyo wake iliyokuwa inangoja kuona kama kumbakiza mtoto ndiko mzee alikokusudia tangu mwanzo.

Bibi Lasma alizitoa nyuzi magotini, akasimama.

"Rugun. Nenda kwenu na mtoto wako. Sasa nimekuambia."

"Mama," Marolop akasema.

"Wewe nyamaza. Humtaki, naye hakutaki, mtalala chumba kimoja mnatazama ukuta mpaka mfe, kwa ajili ya jina la mtu aliyekwisha kufa. Mwanangu yule. Nilimzaa mimi. Simtaki akumbukwe hivyo."

Baba Togar alinyoosha kidole, lakini alisema taratibu, karibu anambembeleza. "Shemeji, fikiri. Ukishasema hivyo umetoa damu ya ukoo nje kwa mdomo wako. Siku yako ikifika, nani atacheza ngoma mbele ya jeneza lako? Nani atasimama aseme huyu alikuwa mama yetu?"

Kwetu hakuna la kutisha kuliko hilo. Mtu anafuga nguruwe miaka thelathini kwa ajili ya siku ile moja. Rugun aliona mkono wa mzee unatafuta nguzo ya nyumba, unaishika.

"Watasimama watakaosimama," akasema. "Mimi nitakuwa nimelala."

Marolop alikuwa anakizungusha kitabu mikononi, grisi imejaa jaladani. Mwishowe Baba Togar akavuta pumzi, akamgeukia Rugun.

"Mama wa marehemu akitamka hivyo mbele yangu, siwezi kumfunga mtoto kamba. Lakini nakuuliza wewe, na ujibu wewe. Mzee huyu amekulea miaka tisa. Macho yake yanakwisha. Unamwacha?"

Rugun alikwenda akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyomtazama wiki nzima, anatafuta hila mdomoni, anatafuta hila machoni, na hakukuwa na kitu ila bibi kizee aliyechoka anayeogopa. Maneno ya Ruthu yakamjia yenyewe, uendako nitakwenda, ulalapo nitalala, na alijua akiyatamka tu kila mtu mle ndani atalia kwa furaha, na baada ya mavuno atakuwa mke wa Marolop.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikudhania vibaya."

"Najua. Nilikuona. Jibu ulichoulizwa."

Rugun akainuka, akamshika Lasma mkono.

"Namwacha," akasema. "Naenda na mwanangu."

Bibi Lasma akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeridhika. Kisha akaketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa kile kitambaa ambacho hakijaisha kufumwa, akalia kwa sauti ambayo hata siku ya kumzika Pardomuan hatukuisikia.