Mlima wa Sukari ya Nje

Lori la miwa lingefika kabla ya adhuhuri, na Scovia hakuweza kuketi. Alitoka jikoni, akaenda hadi ukingo wa shamba, akarudi. Ukuta ambao mama yake, Edinah, aliupaka chokaa juzi sasa ulikuwa na mistari miwili ya makaa.

"Umenichafulia ukuta," Edinah alisema, akinoa panga. "Diploma yako ndiyo hii?"

"Huu wa juu ni Kenya, Mama. Sukari tuliyonunua nje, mwaka baada ya mwaka. Huu wa chini ni Tanzania."

Mjomba Nyamhanga, aliyevuka mpaka asubuhi kutoka Tarime kuja kusaidia kukata, alicheka. "Kumbe! Wetu unatembea kama ng'ombe aliyeshiba. Wenu unaruka kama mbuzi aliyeona chui."

"Nanyi mna kilima chenu hapa, Mjomba. Usijisifu." Scovia aligusa kilele cha mstari wa juu. "Huu mlima, Mama, unaukumbuka?"

"Mwaka wa ukame."

"Na huu wa pili? Hapo mvua ilinyesha."

Panga lilitulia juu ya jiwe. Kila mkulima wa hapa Kehancha aliujua mwaka ule. Uvumi ulienea kwamba sukari ya nje inakuja, basi kila mmoja akakata miwa michanga ili jirani asimtangulie. Viwanda vikakosa miwa, vikafungwa, na sukari ya nje ikaja kweli. Edinah mwenyewe aliinunua dukani, na shamba lake visiki vitupu.

"Leo unataka kukata tena," Scovia alisema. "Haijakomaa."

"Jirani yetu Bichage anakata leo. Nikibaki peke yangu, kiwanda kifungwe, nitamuuzia nani? Mistari yako?"

Scovia alienda tena hadi ukingoni, akarudi.

Edinah aliinuka, akampita, akaingia shambani. Alivunja muwa, akatafuna pingili ya chini, akameza. Akatafuna ya juu, akatema. Ndivyo mama yake mwenyewe alivyomfundisha kupima utotoni: muwa uliokomaa ni mtamu chini hadi juu. Alivunja mwingine. Akatema tena.

Honi ililia barabarani.

Edinah alirudi mbio, akakusanya mapanga yote, akayalaza kwenye benchi, akayafunika kwa leso aliyojifunga kiunoni, akakaa juu yake.

Duke, dereva wa lori, aliingia na wapakiaji wake. "Mama, mbona miwa bado imesimama? Leteni mapanga, vijana wangu wawasaidie."

"Kwanza chai, mwanangu. Scovia, mpe mgeni."

Duke alionja, akakunja uso. "Hii haina sukari, Mama."

"Iko shambani. Haijakomaa. Urudi mvua zikipita."

Nyamhanga alikohoa kuficha kicheko. Duke alitazama ukuta, akaweka kikombe chini. "Kwa Bichage hakuna maneno mengi," alisema, akaondoka na watu wake.

Punde mapanga yakaanza kusikika ng'ambo ya ua, haraka haraka. Edinah hakutoka kwenye benchi.

"Scovia," alisema, "huo mstari wetu, mwaka huu unaelekea wapi?"

Scovia aliokota kipande cha makaa, akakigusisha mwisho wa mstari wa Kenya. Akasimama hapo, akisikiliza mapanga ya Bichage, na mkono wake haukwenda juu wala chini.