Ndoo kwenye Pingili ya Nne

Jumatatu asubuhi Winchi aliinama kuvaa soksi ya kushoto, akabaki hapohapo. Mkewe alikuwa akiingia na ndoo mbili za maji, safari ya tatu tangu alfajiri, maana maji ya bomba hayakuwahi kupanda hadi ghorofa ya nne. Akampita kwa pembeni, akayamimina kwenye pipa, akarudi kumvalisha soksi.

"Kiuno tena, baba watoto?"

"Kinawaka moto. Na Jumamosi ndiyo mashindano."

Jimu nzima ilimjua Winchi. Alinyanyua vyuma vya kilo mia na thelathini, mishipa ya shingo ikimtoka, wenzake wakimpigia makofi. Nyumbani hakunyanyua hata stuli. Mgongo wa mashindano hauchezewi, alisema, na mkewe, sijui moyo ule aliutoa wapi, akakubali. Miaka sita alipandisha ndoo, magunia ya unga na mtungi wa gesi, akipumzika kila ghorofa, huku mume amelala chali kwenye kochi akiutunza mgongo.

Daktari wa mifupa aliitundika picha ya eksirei kwenye taa, akafuta miwani, akaitazama tena.

"Pingili ya nne ina ndoo," alisema. "Ya tano ina mtungi wa gesi. Na hapa chini naona kabati."

"La vyombo," alisema Winchi. "Tulihamia nalo."

"Nani alilibeba?"

"Mke wangu. Mimi nilishika mlango."

Daktari akaandika. Alisema wagonjwa wa namna hiyo anawapata kila wiki. Mzigo anaoukwepa mtu humhamia kiunoni, ukakaa kumngoja. Vidonge vingemsaidia kwa ndoo, lakini kwa kabati havifui dafu. Dawa ni yeye mwenyewe kubeba kila kimoja mara moja tu, kutoka chini hadi juu, taratibu.

Jumanne Winchi alishuka bombani amefunga mkanda wake wa mashindano. Akatanua miguu, akapiga ukelele, akaikamata ndoo.

"Kunja magoti," alisema mkewe. "Usiivute kwa kiuno."

"Unanifundisha mimi?"

Hata hivyo akakunja. Majirani walitoka kumshangilia, na nusu ya maji ikabaki kwenye ngazi. Alipofika mlangoni, ndoo ya kiunoni ikadondoka kupitia shati, kavu, mpini umelegea kidogo. Mkewe akaiokota, akaipanga na zile nyingine. Kisha akakaa kwenye stuli, akaviangalia viganja vyake vitupu. Alifurahi, kwa kweli alifurahi sana. Alikuwa ameshaanza kupanga angefanya nini na asubuhi zake.

Jumatano alimngojea chini na mtungi wa gesi. Winchi alichungulia dirishani. Siku hiyo alikuwa amejifunga kamba za viatu mwenyewe.

"Nimepata nafuu, mama watoto! Huo mtungi tutauona baada ya mashindano."

Mkewe akajitwika mtungi begani, akapanda.

Jumamosi Winchi alinyanyua kilo mia na hamsini, akavishwa medali, na hakuweza kunyooka. Wenzake wakambeba hadi chini ya jengo, wakamtua kando ya bomba. Ngazi hawakuzigusa, kwa sababu nao walikuwa na migongo ya mashindano. Mkewe akakunja magoti, akampakia mgongoni, akaanza kupanda. Alipumzika kila ghorofa.

"Nyoosha mgongo," Winchi alimwelekeza kutoka huko juu. "Utaumia."

Jumatatu daktari alitundika picha mpya. Mtungi ulikuwepo, kabati lilikuwepo.

"Na huyu aliyelala juu ya kabati, mwenye medali?"

Winchi akausogeza uso karibu na picha.

"Ni mimi."

"Nani alikubeba?"

"Mke wangu."

"Basi itabidi na wewe ujibebe. Mara moja tu, hadi ghorofa ya nne."

Winchi akafikiri. Jambo lenyewe halikuwa gumu, alisema, ila fainali zilikuwa mwezi ujao, na mpaka hapo daktari wa jimu alikuwa amemkataza kunyanyua chochote kizito. Daktari akaandika na hilo, akamfungulia mlango.

Nje, mkewe alikuwa ameshakunja magoti.