Maana ya Tatu

Moto ulipozimwa, makoti themanini yaliyokuwa tayari kusafirishwa yalikuwa majivu, na kiwanda kizima kilijua kwamba pasi iliyouwasha ilikuwa ya meza namba sita. Meza hiyo alikuwa akiitumia mke wa msimamizi. Asichokijua mtu, isipokuwa karani, ni kwamba saa ya chakula msimamizi mwenyewe ndiye aliyekwenda kunyoosha suruali yake pale, akaitwa kwenye simu, akaiacha pasi imelala kifudifudi. Karani alimwona kupitia dirisha la ofisi. Msimamizi alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Meneja, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliandika sentensi moja ya Kiingereza na kumpa karani. Mwenye meza atie sahihi siku hiyo hiyo.

Sentensi yote ilisimama juu ya neno moja: avow. Karani akafungua kamusi. Maana zilikuwa tatu. Kukiri kosa. Kuungama. Kusema jambo waziwazi, bila kuficha. Hiyo ya tatu aliisoma mara mbili, kisha akafunga kamusi na kwenda kumtafuta wifi yake.

"Wifi, nisomee," mke wa msimamizi alisema, mikono bado ina masizi. "Mimi na Kiingereza hatusalimiani."

"Wanasema unatoa habari za moto waziwazi, hufichi kitu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, wifi yangu."

"Basi lete kalamu! Nifiche nini? Nilikuwa nje nakula, wenzangu wote wameniona."

Akatia sahihi kwa herufi kubwa za uangalifu, ulimi umetokeza kidogo, kisha akauliza kama jina limekaa sawa. Karani akamwambia limekaa vizuri sana.

Asubuhi meneja aliwakusanya wafanyakazi uani, akainua karatasi juu na kumwamuru karani atafsiri. Fundi mkuu, aliyekijua Kiingereza vizuri, alikuwa amesimama mbele kabisa. Hapakuwa na pa kuchepuka.

"Amekiri," karani alisema. "Amekiri kosa la moto. Kuanzia leo hana kazi."

"Nimekiri nini mimi?" Mke wa msimamizi alijipenyeza hadi mbele. "Mume wangu, waambie! Si unajua nilikuwa nje?"

Msimamizi aliangalia viatu vyake. Meneja alikuwa akimtazama. Akakohoa, akatoa ile sauti yake ya kazini.

"Huyu nimemwonya mara ngapi kuhusu pasi! Hata nyumbani ni hivi hivi, mzembe."

Watu wawili watatu wakacheka. Hilo karani hakumtuma. Alidhani kaka yake angenyamaza tu, kisha jioni ambembeleze mkewe, yaishe.

Getini mke wa msimamizi alivua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba ataivaa tena kesho yake.

"Wifi, lile neno lina maana ngapi?"

"Tatu."

"Na zote ulikuwa unazijua?"

Karani akaitikia kwa kichwa.

"Miaka kumi na moja nakusuka nywele," mwenzake alisema taratibu, bila machozi wala tusi. "Kichwa hicho nakijua kila pembe. Kumbe sikukijua."

Akaenda zake. Karani akarudi ofisini. Punde si punde kaka yake akaingia na kusukuma mlango kwa kisigino.

"Umeniokoa, dada."

Karani alisubiri aseme na lingine, lolote, la mkewe. Kaka yake alijipangusa jasho, akatazama saa ya ukutani.

"Oda ya makoti inatubana. Andika tangazo la kazi, libandikwe nje sasa hivi."

Akaliandika. Kufikia adhuhuri wanawake kumi na wawili walikuwa wamepanga foleni ukutani, na msimamizi akiwapitia mmoja mmoja, akitabasamu, akiwauliza kama wanaweza kupiga pasi.