Maji ya Mgeni

Barua ilisema mkaguzi atafika saa nne asubuhi. Saa nane ikapita, gari halijaonekana, na watu kumi na mmoja walikuwa bado wamepangwa ukumbini kama vyombo vya harusi. Walikuwa wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wamevalishwa nguo za Krismasi, na hakuna hata mmoja aliyepewa tone la maji tangu jana jioni.

Nyumba yenyewe ipo Mlabani, kule mwisho ambako maduka yanakoma na majaruba ya mpunga yanaanza. Watu huiita kwa Mama Apolonia. Wanaoishi humo ni watu wazima wenye ulemavu. Watoto wenye ulemavu angalau wana wafadhili na wa kuwapiga picha, lakini mtu wa miaka arobaini anayejikojolea, nani atakuja kumpiga picha? Aliwachukua Mama Apolonia, muuguzi mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono isiyojua kukaa bure. Nalisema hili mapema asije mtu akamhukumu kwa haraka. Mama huyu hakuwa mwovu.

Luciana analijua hilo kuliko wote. Ana miaka thelathini na nne. Miguu yake haikuwahi kunyooka, mkono wa kulia umejikunja kifuani, wa kushoto ndio pekee unaomtii. Akili yake ni nzima, tena kali. Shida ni ulimi. Neno humtoka kwa kazi, kisha akusanye pumzi, kisha lije lingine, na binadamu hatuna subira. Akikuambia neno la kwanza, la pili unamsaidia wewe, la tatu unalitunga wewe, halafu unakwenda zako umeridhika kwamba mmezungumza.

Kabla ya hapo alikaa Mchombe kwa kaka yake Nikodemu, miaka sita, kwenye stoo ya mpunga. Nikodemu hakumpiga hata siku moja. Alimsahau tu, kama unavyosahau jembe bovu nyuma ya nyumba. Panya walimtafuna vidole vya miguu, na kwa kuwa havina hisia alikuwa anaamka na kukuta damu kwenye magunia. Mama Apolonia alisikia habari zake kanisani, akaenda mwenyewe na bajaji ya kukodi, akamtoa amembeba mgongoni. Sasa mtu wa namna hiyo unamsemea vipi kwa mkaguzi?

Na kituo kikifungwa, kila mtu anarudishwa kwa ndugu zake. Kwa Luciana hiyo ilikuwa na maana moja tu: stoo ya Mchombe.

Mambo yalianza mwaka juzi. Afisa ustawi wa jamii, dada mmoja anayeitwa Bernadeta, alikuja kukagua, akazunguka na faili lake, akaandika kwamba magodoro yameoza na nyumba ina harufu ya mkojo, na kwamba visiporekebishwa kabla ya ukaguzi unaofuata, kituo kitafungwa. Harufu ya mkojo! Nyumba yenye watu wazima ambao nusu yao hawawezi kufika chooni, wasaidizi wawili, na sabuni ya kuombaomba. Mama Apolonia aliisoma ile karatasi mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Usiku hakulala, akawaza, na alichokiwaza ni hiki: asiyekunywa hakojoi.

Muuguzi mzima! Lakini hofu ikimkalia mtu kichwani, hata alichosomea kinamtoka. Kwa hiyo mwaka jana ilipokuja barua ya ukaguzi, maji yalikoma jioni ya siku iliyotangulia, na pipa la uani likawekewa jiwe juu ya mfuniko. Magodoro akayaazima kwa Bwanaheri, yule mfanyabiashara mwenye duka la vitanda, Mwislamu mwenye huruma zake, kwa sharti la kutotoa nailoni ili yarudi dukani salama. Bernadeta alikuja, akanusa, akasikia sabuni tu. Akaandika kwamba hali ni nzuri. Alipoondoka watu walipiga vigelegele, maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.

Jioni hiyohiyo Theresia alianguka kifafa. Alikuwa nacho siku zote, kinamjia na kumwacha, lakini siku hiyo kilikuja na hakikumwacha. Walimzika kesho yake. Wote walisema kifafa kimemchukua, na Mama Apolonia, aliyemwosha mwili, alilia mpaka sauti ikakauka. Luciana hakusema kitu. Mkeka wake ulikuwa ubavuni mwa Theresia. Mchana kutwa ule alimsikia akiomba maji kwa sauti inayozidi kuwa ndogo.

Haya, leo ndio ulikuwa ukaguzi wa tatu. Joto lilikuwa lile la Februari, la bondeni, la kabla ya masika, ambalo hata mbwa hataki kubweka. Pembeni ya kiti cha magurudumu cha Luciana, juu ya godoro la Bwanaheri, alilala Amedeus. Amedeus ni pande la mtu, mwenye akili ya mtoto wa miaka mitatu na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Tangu saa tano alikuwa hajacheka. Midomo yake ilikuwa imebabuka, myeupe kwenye pembe, na kichwa kilimwangukia begani kila alipojaribu kukiinua. Aliambiwa asiombe maji, na yeye ni mtiifu, kwa hiyo hakuomba. Luciana alikuwa akimtazama na kuiona sura ya Theresia palepale.

Saa nane na nusu gari likafika. Bernadeta alishuka na matope mpaka magotini, akaomba radhi kwa watu wote. Alikuwa ametoka upande wa Mngeta kwenye kazi nyingine na gari lilinasa kwenye tope la majaruba kwa saa tatu nzima. Alionekana amechoka, na yeye pia ni binti wa watu. Akamwamkia Mama Apolonia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na ukumbi ukaanza kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Uliimbwa na makoo makavu, ukafia njiani kabla ya ubeti wa pili.

Wakampa kiti katikati, karibu na Luciana. Kisha Mama Apolonia akaleta maji. Mgeni akifika hupewa maji kwanza, ndivyo tulivyolelewa, na haya yalikuwa ya baridi, yametoka kwenye friji ya jirani, katika glasi ya kioo juu ya sinia, yamefunikwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono. Glasi ilikuwa inatoa jasho. Bernadeta alipofunua kile kitambaa, vichwa kumi na kimoja viligeuka kwa pamoja. Yeye alidhani wanamtazama yeye, akatabasamu.

Sasa sikiliza. Kwetu mtu haombi maji ya mgeni. Mtoto akiyatolea macho tu anafinywa, akiyaomba anachapwa, maana ni kuitangaza nyumba kwamba ina njaa. Luciana alilelewa hivyohivyo. Aliitazama ile glasi, akaiona na stoo ya Mchombe, akamtazama Amedeus. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto.

“Naomba...” alisema, akakusanya pumzi.

Mama Apolonia akawahi. Akacheka, akamwambia mgeni kwamba Luciana anaomba kumsalimia kwa mkono, kwamba huyu ndiye msemaji wao. Bernadeta akaupokea ule mkono. Luciana akautoa, akatikisa kichwa, akaunyoosha tena, safari hii kuelekea glasi.

“Maji yako.”

Uso wa Mama Apolonia ulibadilika, na Luciana aliuona, na ulimuuma, kwa sababu ulikuwa uso wa mama aliyevuliwa nguo mbele ya mgeni wake. Bernadeta hakujua afanye nini, akampa. Mkono wa Luciana ulitetemeka, robo ya maji ikamwagika kwenye gauni, lakini iliyobaki aliifikisha kwenye midomo ya Amedeus. Amedeus alikunywa kwa macho yaliyofumbwa. Glasi ilipokwisha akaendelea kuilamba, na hapo watu wengine wakaanza. Mmoja alisema maji, wa pili akasema maji, aliyekuwa hawezi kusema akaugonga ukuta kwa kiganja.

Bernadeta aliuliza watu hawa wamekunywa saa ngapi. Mama Apolonia akajibu kwamba wanakunywa muda wote, ni joto tu. Lakini Bernadeta hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amekisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa gurudumu la Luciana, na akauliza swali lilelile upya, kisha akanyamaza.

Alisubiri. Mama Apolonia alifungua kinywa, akainuliwa kiganja. Kuku mmoja aliingia kutoka uani, akadonoa chini ya meza, akatoka, na Bernadeta alikuwa bado anasubiri.

“Ukija wewe,” alisema Luciana, “hatunywi maji.”

“Kwa nini?”

“Uliandika... harufu.”

Ikatoka yote baada ya hapo, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Apolonia hakukana. Aliliondoa jiwe kwenye pipa kwa mikono yake, na wasaidizi wakaleta ndoo na vikombe. Bernadeta alivua saa yake, akawanywesha watatu yeye mwenyewe, kidogokidogo, kama alivyoelekezwa na mama, kwa sababu mama alikuwa amerudi kuwa muuguzi. Haikupita nusu saa, kilichoogopwa kikatokea. Amedeus alijikojolea, mkojo ukatandaa juu ya nailoni, ile harufu ikaenea ukumbi wote. Mama Apolonia alisimama na tambara mkononi, akasema kwa sauti ya chini kwamba godoro si la kwao, ni la Bwanaheri, yote ni ya Bwanaheri. Amedeus alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu saa tano.

Bernadeta alifungua faili lake. Akasoma orodha ya mwaka jana, majina kumi na mawili, akawahesabu watu kwa kidole, akauliza Theresia yuko wapi. Mama akajibu amefariki, alikuwa na kifafa.

“Lini?”

Mama Apolonia akataka kujibu, akasita. Luciana alimwona akisita, akaona jinsi alivyokitazama kikombe cha maji alichokishika. Mwaka mzima mama alikuwa ameoga, amekula, amesali juu ya kifo kile bila kukigeuza upande wa pili.

“Siku uliyokuja,” alisema mama. “Jioni.”

Bernadeta alikaa na faili wazi mapajani. Pale kwenye karatasi kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, hali ni nzuri, na tarehe. Mwishowe alisema kwamba kifo hicho atakiripoti, pamoja na jina lake mwenyewe, kwa sababu harufu aliiandika yeye na namna ya kuiondoa hakuiuliza. Atarudi na daktari, na hataandika barua ya kuja. Luciana akamuuliza kwa neno moja tu: Mchombe? Bernadeta angeweza kumdanganya, wengi wangemdanganya. Alimjibu kwamba hajui, kwamba atasimama kadiri awezavyo nyumba isifungwe, lakini neno la mwisho si lake. Chakula cha mgeni kilipoletwa, wali na kuku, aliomba wenyeji wale kwanza. Yeye alikula wa mwisho, palepale ukumbini, harufu ikiwepo.

Gari lilipoondoka hakuna aliyepiga kigelegele. Wasaidizi walitoka kwenda kuosha magodoro uani. Mama Apolonia alibaki amesimama mbele ya kiti cha Luciana, khanga imemshuka begani, na Luciana akasubiri matusi, maana aliona anayastahili. Hayakuja.

“Mwanangu,” alisema mama, “nilikutoa kule nimekubeba kwa mgongo huu. Mbona hukuniambia mimi? Mwaka mzima, mbona hukuniambia?”

Luciana alivuta pumzi. Alivuta nyingine.

“Nilikuambia,” alisema. “Mchana ule. Ulinimalizia.”

Mama akakunja uso akitafuta, na ikamjia. Mwaka jana, saa saba, anapita mbio na ufagio, Luciana amemshika upindo wa khanga kwa ule mkono wa kushoto, anasema mama, Theresia, na yeye akamwitikia bila kusimama, ndiyo, Theresia amependeza, hata wewe umependeza, akauchomoa upindo akaenda. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe yote. Alishuka polepole mpaka chini, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliye msibani, uso wake ukawa chini ya uso wa Luciana.

“Sema sasa,” alimwambia. “Nasubiri.”

Luciana hakutaka. Lakini mama alikuwa amemkazia macho na hakuyaondoa, kwa hiyo akaianza sentensi ya mwaka jana pale ilipokatwa, neno moja, pumzi, neno jingine.

“Mama. Theresia... anaomba... maji.”

Mama Apolonia alimsikiliza mpaka neno la mwisho.