Chupa Kiunoni

Daktari wa Mombasa alimpa mdogo wangu Randu chupa ya dawa ya siku nne, ya kumwachisha unga wa kulevya, ili twende Vitengeni kumzika baba. Mimi simwamini mtu aliyeiba masufuria ya mama. Chupa niliifunga kifuniko mwenyewe, nikaizungushia uzi pale dawa ilipofika, nikaitia kiunoni ndani ya leso.

Mnarani, enzi hizo kabla ya daraja, tuliteremshwa basini ili tuvuke kwa feri. Randu akaniegemea, eti kizunguzungu. Kizunguzungu gani! Ng'ambo nikaitoa chupa: dawa ilikuwa chini kabisa ya uzi.

Nikamzaba kofi mbele ya abiria wote.

“Dada,” akasema taratibu, “tazama mguu wako.”

Dawa ilikuwa ikinichuruzika mpaka kwenye kiatu.